Faraday: Mtoto wa mhunzi aliyeufua umeme kwa sumaku na waya

Na Mwandishi Wetu, Singida

HATA pasipo maabara, mwanafunzi wa Unyambwa mkoani Singida aweza kulirudia jaribio lililozaa mitambo ya kufua umeme. Lataka sumaku, waya wa shaba na mita ndogo ya sindano.

Mwenye jaribio hilo, Michael Faraday, alizaliwa Uingereza mwaka 1791, baba yake akiwa mhunzi. Shule aliipata kidogo. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kujalidi vitabu, akawa anavisoma vile vile alivyovijalidi. Mwaka 1813 akaajiriwa msaidizi wa maabara katika Taasisi ya Kifalme, London. Hisabati, lakini, hakuimudu hadi alipofariki mwaka 1867.

Oktoba 1831 aliichomeka sumaku ndani ya waya uliosokotwa, sindano ikacheza. Sumaku ilipotulia, sindano nayo ikatulia. Kumbe umeme ulitaka mwendo!

Hapa nchini, mwaka 1963, Erasto Mpemba wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa. Mwaka 1969 alichapisha makala pamoja na mwanafizikia Denis Osborne, na wataalamu wangali wanabishana.