Mo Amin: Kijana wa Dar aliyeonyesha njaa ya Ethiopia na uzuri wa Tanzania

Pita Makumira, barabara ya Arusha–Moshi, asubuhi Mlima Meru ukiwa wazi bila wingu. Hukosi kuona mtu katoa simu anapiga picha. Anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo, abiria wa daladala au mtalii anayeelekea mbugani. Ni sekunde tu, imeisha.

Kwa Mohamed Amin, maarufu kama Mo, haikuwa rahisi hivyo.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, baba yake akifanya kazi reli, na akakulia Dar es Salaam. Akiwa bado mwanafunzi alinunua kamera yake ya kwanza, Box Brownie ya mtumba, kwa shilingi 40. Kuanzia hapo hakuiweka chini. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapo hapo Dar.

Mwaka uliofuata alikuwa Zanzibar kupiga picha za Mapinduzi. Kisha 1966 kamera ikamponza. Baada ya kurekodi wakufunzi wa kijeshi kutoka nje wakiwa kazini visiwani, alikamatwa na kufungwa gereza la Kiinua Miguu karibu mwezi mzima. Alipotoka alifukuzwa nchini, akahamia Nairobi.

Wengi wangeachana na kazi hiyo. Mo ndiyo kwanza akazidi. Mwaka 1969 alikuwepo Nairobi dakika chache baada ya Tom Mboya kupigwa risasi, na picha zake zikampa tuzo Uingereza.

Lakini jina lake lilivuma zaidi Oktoba 1984. Akiwa na mwandishi wa BBC, Michael Buerk, alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, ambako maelfu ya watu walikuwa wanakufa kwa njaa. Picha zake zilirushwa na vituo vya televisheni kote duniani. Wanamuziki wakarekodi nyimbo kuchangisha fedha, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka huohuo wa 1984 kilitoka kitabu chake cha picha, Journey Through Tanzania, alichoshirikiana na Duncan Willetts na Peter Marshall. Hicho hakina vita. Kinamtembeza msomaji nchini: watu, milima, wanyama, maisha ya kawaida.

Na hakikuwa kimoja. Alitoa kitabu cha picha cha Hija ya Makka, kingine cha eneo la Ziwa Turkana, na mwaka 1987 kikatoka cha Wamaasai. Yaani mtu yuleyule aliyeionyesha dunia Afrika inayokufa, alikuwa pia akiionyesha Afrika inayoishi. Ila dunia ilikumbuka zaidi ile ya kwanza.

Mwaka 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa anarekodi. Mwenzake wa sauti alifariki, yeye akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Novemba 23, 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi nyumbani Nairobi. Ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini kando ya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Mo, aliyekuwa na miaka 53, alikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo siku ukipiga picha ya mama anayepanga ndizi soko la Tengeru, usiione ya kawaida mno. Za namna hiyo Mo alizisafiria nchi nzima, na kamera mkononi.