INJINI YA MBIO, KAZI YA KILA SIKU: Mjue Spicer-Simson wa Ziwa Tanganyika



Juzi nilikuwa Kibirizi nasubiri boti, nikakuta vijana wawili wanabishana ile mbaya. Mmoja kaona kwenye intaneti gari la kawaida lililotiwa injini ya mashindano, akawa anaapa kwamba siku akipata hela taksi yake itakuwa hivyo hivyo. Fundi mmoja wa mashine za boti akacheka sana. Akatueleza kuwa injini ya mbio imetengenezwa itoe nguvu zake zote kwa muda mfupi. Ukiitia kwenye gari la Mwanga-Ujiji inakataa kukaa sailensa, inachemka ukienda polepole, inabugia mafuta, tena mafuta mazuri. Ili iishi mtaani lazima uipunguze makali: kompresheni ishuke, kemshafti ibadilishwe, rejeta iwe kubwa, gia na breki zilingane nayo. Kuipata injini siyo kazi. Kazi ni kuizoesha maisha ya kila siku.

Nilipopanda boti nikamkumbuka jamaa mmoja anayehusika kabisa na ziwa letu hili. Leo nimeamua kuwaletea habari zake.

Anaitwa Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa mwaka 1876 kule Tasmania, Australia, akaingia jeshi la majini la Uingereza akiwa bado mtoto wa miaka 14. Kwa kweli kazi yake haikwenda vizuri. Meli aliyokuwa akiiongoza iliwahi kugonga boti nyingine. Baadaye akapelekwa Gambia kupima mto, kazi ya kimya kimya ya kuchora ramani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza akarudishwa kwao, na Novemba 1914 meli iliyokuwa chini yake ikazamishwa na Wajerumani wakati yeye mwenyewe yuko nchi kavu. Baada ya hapo akawekwa ofisini. Mzee mzima akawa anasukuma karatasi.

Huku kwetu, wakati huo, Wajerumani walikuwa wanatamba ziwani. Walikuwa na meli Kingani na Hedwig von Wissmann, na hapa Kigoma wakashusha majini Graf von Götzen, Februari 1915. Hiyo ilikuwa na urefu wa karibu mita 70, imeundwa Papenburg, Ujerumani, ikaja vipande vipande kwenye maelfu ya makasha mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma.

Mwindaji wa tembo mmoja, John Lee, akawaendea wakubwa wa London na wazo: leteni boti ndogo zenye kasi, zitawamaliza. Wakubwa wakakubali, wakamtafuta afisa wa kuongoza. Aliyepatikana ni nani? Spicer-Simson, yule wa ofisini!

Boti zenyewe zilikuwa mbili, za mbao, urefu mita 12 hivi. Zilitengenezwa na Thornycroft kwa ajili ya kuhudumia ndege za majini, siyo kwa vita. Kila moja ilikuwa na injini mbili za petroli za nguvu farasi 100 kila injini, na ilifika karibu kilomita 35 kwa saa. Kwa mwaka 1915 hiyo ilikuwa kasi si mchezo. Jamaa akaziita Mimi na Toutou, milio ya paka na mbwa kwa Kifaransa. Hilo lilikuwa chaguo la pili, maana la kwanza, Paka na Mbwa, lilikataliwa.

Sasa hapo ndipo maneno ya yule fundi yalipoanza kutimia. Boti ya kasi ni nyepesi, na walitaka kuifunga mzinga. Siku ya majaribio kwenye mto Thames, Juni 1915, mzinga haukuwa umefungwa vizuri. Ulipopigwa, mzinga na mpigaji wake wote wakaenda majini! Hata ulipofungwa sawasawa, ilibidi uelekezwe mbele tu, kwa sababu ukiupiga kwa ubavu kishindo chake kinaweza kuivunja boti.

Halafu safari. Meli mpaka Cape Town, reli mpaka Fungurume huko Kongo, kisha reli ikaisha. Zaidi ya kilomita 200 boti zikavutwa nchi kavu kupita milima ya Mitumba, kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na mikono ya watu. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa njiani. Maji ya matrekta yalipopungua, wanawake wa vijiji wakayabeba vichwani. Mto Lualaba ulipokuwa na kina kidogo wakafunga mapipa chini ya boti ziinuke. Boti zikaitwa Mimi na Toutou... hakuna iliyopewa jina la mmoja wa waliozivusha. Hilo huwa linaniuma.

Desemba 1915 zikashushwa ziwani karibu na Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba wakaiteka Kingani kwa dakika chache tu, wakaibadilisha jina kuwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaikuta Hedwig. Fifi ya kuni ikaachwa nyuma, lakini Mimi ikaikimbilia Hedwig na kuisumbua mpaka ikageuka kujibu mapigo. Fifi ikapata nafasi ya kufika, ikaizamisha. Mbio zilifanya kazi yake.

Kesho yake Götzen ikapita. Spicer-Simson hakuthubutu kutoka. Mwezi Juni kule Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, akaiogopa mizinga ya ngome, Wajerumani wakaponyoka kwa majahazi. Kumbe mizinga yenyewe ilikuwa ya mbao! Alipewa nishani, lakini akakaripiwa pia, akarudishwa kwao mgonjwa. Doria, subira, kukaa ziwani mwezi baada ya mwezi, hayo yalimshinda.

Na Götzen? Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma, ila mafundi walipaka injini zake grisi kwanza. Waingereza wakaiopoa 1924, injini bado nzima. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 ikafungwa injini za dizeli, ikaendelea kubeba mama zetu na magunia yao ya dagaa.

Mwisho wa Spicer-Simson ndio unaonifurahisha. Mwaka 1921 akawa katibu mkuu wa kwanza wa ofisi ya kimataifa ya vipimo na ramani za bahari huko Monaco. Akakaa hapo mpaka 1937. Miaka 16, kazi kama ile aliyoifanya Gambia, hakuna mzinga wala kelele. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Kwa hiyo nimwambie yule mdogo wangu wa Kibirizi: hata injini inayochemka mtaani huenda siyo mbovu. Inawezekana haijawekwa kwenye gari lake. Binadamu ni vile vile. Wangapi kati yetu tumeitwa wazembe, kumbe tumefungwa pasipo petu?

Wadau wa Kigoma, mnasemaje? Wenye hadithi za babu zenu kuhusu Liemba tupieni hapo chini.