Peter Debye: Aliyefumbua siri ya molekuli zenye ncha mbili

Katika mitaa ya Bujumbura, kuanzia Buyenzi hadi Ngagara, skrini nyingi za simu na televisheni hufanya kazi kwa fuwele kimiminika. Hivi ni vitu vinavyotiririka kama maji, ilhali molekuli zake hujipanga kuelekea upande mmoja na kugeuka zinapoguswa na nguvu ya umeme. Aliyeweka msingi wa kuuelewa mgeuko huo ni Peter Debye, mwanafizikia aliyezaliwa Maastricht, Uholanzi, tarehe 24 Machi 1884.

Mwaka 1912, Debye alieleza kwamba baadhi ya molekuli, zikiwemo za maji, zina chaji chanya upande mmoja na chaji hasi upande wa pili. Nguvu ya umeme huzivuta zielekee upande mmoja, huku joto likizivuruga. Baadaye alionesha kwamba umeme ukibadili mwelekeo kwa kasi mno, molekuli hushindwa kuufuata. Wataalamu waliokuja nyuma yake walizitumia hesabu hizo kuchunguza molekuli za namna hiyo zilizoyeyushwa ndani ya fuwele kimiminika, ambamo mpangilio wa molekuli jirani huzizuia kugeuka kwa urahisi kila upande. Kipimo cha nguvu ya ncha hizo kinaitwa debye. Molekuli ya maji iliyo peke yake ina debye 1.85.

Mwaka 1936, akiwa Berlin, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Wakati huo Wanazi walikuwa madarakani. Julai 1938 alishiriki kumsaidia Lise Meitner, mwanafizikia mwenye asili ya Kiyahudi, kutoroka Ujerumani. Hata hivyo, Desemba mwaka huohuo, akiwa mwenyekiti wa Chama cha Fizikia cha Ujerumani, alitia saini barua iliyowataka wanachama Wayahudi wajiondoe.

Aliposhinikizwa kuacha uraia wa Uholanzi, alikataa, na mapema mwaka 1940 akaenda Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani. Alifariki dunia mjini Ithaca tarehe 2 Novemba 1966.

Mwaka 2006 barua ile ilizua mjadala mkali nchini Uholanzi. Chuo Kikuu cha Utrecht kiliondoa jina lake kwenye taasisi yake moja, kisha kikalirejesha. Hesabu zake zingali zikifundishwa vyuoni. Kuhusu saini yake, wanahistoria hawajaafikiana.