Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Funzo Lake kwa Wazazi wa Watoto Wenye Vipaji

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu, katika darsa letu la hapa Eldoret tumekuwa tukiulizwa na wazazi swali moja kwa maneno mbalimbali. Mmoja husema kwamba mwanawe amehifadhi juzuu nzima hali ya kuwa meno ya utoto hayajamwisha kinywani. Mwengine husema kwamba binti yake humaliza hesabu kabla ya mwalimu kuufuta ubao, kisha hukaa akiwasumbua wenziwe. Wa tatu hulalamika kwamba mtoto wake huuliza mno, hata wakubwa huona kuwa hana adabu. Wote hao wataka kujua jambo moja: mtoto aliyepewa akili kuliko wenziwe alelewe vipi?

Kabla ya kujibu, yatupasa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita alikuwako kati yetu kijana mdogo, hodari mno wa kuhifadhi. Tulimpenda na tukajifakharisha kwake. Kila palipokuwa na mkusanyiko tulimsimamisha mbele ya watu asome, na wageni wakimtunza fedha. Lakini hatukumwuliza anafahamu nini katika hayo ayasomayo, wala hatukumtafutia mwalimu wa kumzidi sisi. Alipofika umri wa miaka kumi na minne aliacha kuja, na mpaka leo kitabu kwake ni kitu cha kukimbiwa. Hatumlaumu yeye wala wazazi wake. Sisi ndio tuliomfanya pambo la baraza, na pambo likishakuwa kuukuu huwekwa kando.

Basi kwa kuwa sisi wenyewe tulikosea, tumeona si vyema kuwapa wazazi amri tupu. Bora tuwaeleze maisha ya mtu mmoja ambaye alikuwa mtoto wa namna hiyo, akapata walezi waliojua kazi yao, na nchi nzima ikafaidika. Mtu huyo ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake wa Mazrui ndio uliotawala Mombasa hata mwaka 1837, ulipong'olewa na Sayyid Said bin Sultan. Utawala ulipowaondoka, wengine katika ukoo huo walishika elimu, na elimu ikawapa heshima ambayo haikuhitaji ngome wala mizinga. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyesoma Makka, naye alikuwa mzee alipojaaliwa mtoto huyu. Hakuishi naye sana. Alifariki mwaka 1894, na mtoto hakuwa amezidi umri wa miaka mitatu au minne.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Mtoto yule hakupata kusomeshwa na baba yake hata herufi moja. Jina la baba, vitabu vya baba na sifa za baba, vyote hivyo havimfundishi mtoto wa miaka mitatu. Watoto wangapi katika miji yetu wamefiwa na baba katika umri huo, na akili zao zikazikwa pamoja na baba zao kwa sababu hapana aliyesimama mahali pake?

Lakini kwa Al-Amin alisimama mtu. Alikuwa ni jamaa yake wa karibu, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye pia mwanachuoni, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kabla ya mwanafunzi wake huyu kukikalia kiti hicho hicho. Sheikh Suleiman alimchukua yatima huyo, akamlea na akamsomesha. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa kwanza ulipokatwa na mauti, mkono wa pili ulikuwa tayari umenyooshwa.

Kijana alipokuwa na kuzidi kuonesha fahamu, elimu ya Mombasa peke yake haikumtosha. Wakati huo Unguja ilikuwa ndiyo chemchemi ya elimu katika pwani yetu yote. Walikuwako huko mabingwa wawili: Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit na Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, ambao watu walisafiri kutoka Lamu, Ngazija na bara kwenda kukaa mbele yao. Sheikh Al-Amin naye alivuka bahari akasoma kwao. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na elimu yao ilikwisha ingia katika vifua vya wanafunzi.

Tutazame vizuri jambo hili. Mlezi aliyekuwa yeye mwenyewe ni mwanachuoni angaliweza kuona haya kuwa mtoto wake anahitaji mwalimu mwengine. Angaliweza kusema kwamba kilichomtosha yeye kitamtosha na kijana. Wangapi katika sisi hufanya hivyo! Mwalimu wa chuo humshika mwanafunzi wake hodari kama mtu ashikaye mali, na baba humzuilia mwanawe nyumbani kwa kuwa hataki aambiwe kuwa mtoto amemshinda. Mlezi mwema ni yule ajuaye siku ambayo elimu yake imefika ukingoni, akamshika mtoto mkono akampeleka kwa anayemzidi.

Wala mlango wa Unguja haukuwa wa mwisho. Sheikh Al-Amin alisoma pia maandishi yaliyokuwa yakitoka Misri, khasa gazeti la Al-Manar la Sayyid Rashid Rida, na kwa njia hiyo akazijua fikra za Sheikh Muhammad Abduh na Sayyid Jamaluddin Al-Afghani. Kutoka kwao alipata swali lililomshughulisha maisha yake yote: kwa nini Waislamu wamebaki nyuma, na ni kwa njia gani watainuka? Aliuliza yaliyowauma wakubwa. Lau tangu utotoni angalizoeshwa kunyamaza kila anapouliza, pengine swali hilo lisingalimjia.

Sasa tuangalie alichokifanya kwa akili aliyopewa. Mwaka 1930 alianzisha Mombasa gazeti dogo lililoitwa As-Sahifa, na mwaka 1932 akatoa jingine, Al-Islah, maana yake matengenezo. Alikuwa anakijua Kiarabu vyema, na lau angalitaka sifa za wanavyuoni wenzake angaliandika kwa Kiarabu peke yake. Yeye aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu ambazo watu wa pwani walikwisha kuzizoea, ili aliyesoma chuoni tu naye apate kufahamu. Aliwaonya watu na israfu ya harusi na matanga, akawaonya na kuiga kila la mgeni bila kupima, na huku akawaonya wale wanaoikimbia elimu mpya kwa kudhani kuwa ni ukafiri. Makala zake zilikusanywa zikatolewa kitabu mwaka 1944, kwa jina la Uwongozi.

Katika mambo aliyoyashughulikia, elimu ya watoto ilikuwa mbele. Tangu mwaka 1912 serikali ilikuwa imefungua Mombasa skuli kwa watoto wa Kiarabu, na wazazi waligawanyika makundi mawili. Kundi moja liliwanyima watoto skuli kwa kuhofia dini yao. Kundi la pili liliwapeleka, kisha likasahau dini kabisa. Sheikh Al-Amin hakuwa na kundi lolote katika hayo mawili. Alitaka mtoto apate elimu ya zama zake, na katika hiyo hiyo apate dini yake na lugha ya Kiarabu. Kadhalika alitetea kusomeshwa kwa wasichana, wakati ambao wengi waliona kwamba kalamu mkononi mwa binti ni fitina.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Juu ya kazi za hukumu hakuacha kusomesha wala kuandika. Aliandika tarehe ya ukoo wake wa Mazrui kwa Kiarabu, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilipigwa chapa mwaka 1995, na akaanza kuifasiri Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili, kazi ambayo mauti hayakumpa nafasi ya kuikamilisha. Miongoni mwa waliochota kwake ni Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambao wote wawili walikuja kuwa Makadhi Wakuu wa Kenya, na huyo wa pili akatoa tafsiri kamili ya Qur'ani mwaka 1969. Hivyo yatima aliyepokewa na wengine akageuka kuwa mwenye kupokea.

Alifariki Mombasa mwaka 1947, naye hajatimiza miaka sitini.

Aliacha watoto, na mmoja wao ni Ali, aliyezaliwa mwaka 1933. Twamtaja kwa sababu kisa chake chatimiza funzo la baba yake. Sheikh alikuwa amekusudia kumpeleka Al-Azhar, lakini alipofariki kijana alikuwa ana miaka kumi na minne tu, na kusudio hilo halikutimia. Ulipokuja mtihani wa kumaliza skuli, Ali alipata daraja ya tatu, na Makerere haikumpokea. Akawa karani, kisha akapata kazi ndogo katika chuo cha ufundi cha Waislamu pale Mombasa. Lau mambo yangaliishia hapo, nani angalishangaa? Lakini siku moja alihutubia katika sherehe ya Maulidi mbele ya Gavana wa Kenya, na Gavana akatambua kuwa huyu si mtu wa kuachwa hapo. Njia ikatafutwa, na mwaka 1955 akaenda Huddersfield, Uingereza. Akapata shahada Manchester mwaka 1960, na udaktari Oxford mwaka 1966. Akawa profesa katika Makerere ile ile iliyomkataa, na jina lake likajulikana duniani kote mpaka alipofariki mwaka 2014.

Ndugu msomaji, twarudi sasa mjini kwetu. Hapa Eldoret hapana mtu asiyejua namna kipaji cha mbio kinavyolelewa. Alfajiri ukipita njia ya Iten huwaona vijana wakikimbia kwa makundi. Kijana akionekana ana miguu, hatuzwi pesa za kukimbia barazani. Hukabidhiwa mwalimu, hutiwa pamoja na wanaomshinda, hupewa chakula na usingizi, na akishindwa mara moja haambiwi kuwa amekwisha. Hayo twayafanya kwa miguu. Jee, kwa akili twashindwa na nini?

Basi, katika maisha haya tumechukua mambo matano, nasi twajiusia wenyewe kabla ya kuwausia wazazi.

La kwanza, akili ya mtoto ni amana. Mtoto asifanywe pambo la wageni, na afurahiwe kwa alichokifahamu kuliko kwa alichokikariri.

La pili, atafutiwe mwalimu anayemzidi, na mzazi asione haya kusema kwamba mimi hapa ndipo nilipofika. Akiwa fakiri, jamaa na jirani wachange. Nauli ya mtoto mmoja kwenda kwa mwalimu mwema ni ndogo kuliko karamu ya usiku mmoja.

La tatu, maswali yake yasizimwe. Asiyejua jawabu na aseme kuwa hajui, kisha watafute pamoja. Adabu afunzwe katika namna ya kuuliza. Kuuliza kwenyewe asikatazwe.

La nne, azoeshwe kuwafaa wenziwe. Anayemaliza hesabu upesi amsaidie aliyekwama, kama Sheikh alivyoishusha elimu yake kwa lugha ya watu wote. Akili isiyofaa watu humtia mwenyewe kiburi, kisha upweke.

La tano, mtihani mmoja usiwe hukumu. Na macho yetu yasitazame watoto wa nyumba kubwa tu. Katika mitaa yetu wako mayatima, wako wasichana wanaofua na kupika hali ya kuwa fahamu zao zingaliweza kuinua umma. Atakayemnyooshea mkono mmoja wao huenda akawa Sheikh Suleiman wa Al-Amin mwengine.

Yule kijana wetu tuliyemtaja mwanzo angali hai, angali kijana, na angali mjini. Tumekubaliana kwamba wawili katika sisi watamwendea. Hawatamwambia asome mbele ya watu. Watamwuliza tu ni kitu gani angependa kukijua, kisha tutamtafutia wa kumfundisha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin, na waliomlea, na waliomsomesha, na atujaalie kuzitunza amana alizotuweka nazo. Amin.