Marekani: Edward Murrow, mwandishi wa habari aliyemkabili seneta McCarthy kwenye televisheni

Jina la Edward R. Murrow, mwandishi wa habari wa kampuni ya CBS, bado linatajwa kila mara watu wanapojiuliza ikiwa televisheni inaweza kusimama mbele ya mwanasiasa mwenye nguvu.

Alizaliwa tarehe 25 mwezi wa nne 1908 katika jimbo la North Carolina, mtoto wa wakulima. Familia yake ilihamia jimbo la Washington, upande wa magharibi, na kijana Murrow alifanya kazi katika kambi za wakata miti. Aliingia CBS mwaka 1935, na 1937 akatumwa London.

Mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiangusha mabomu usiku juu ya mji huo, Murrow alipanda juu ya paa za nyumba na kuwaeleza Wamarekani kwa redio yale aliyoyaona. Mwezi wa nne 1945, aliingia katika kambi ya Buchenwald siku moja tu baada ya kukombolewa, akaeleza hali ya maiti na wafungwa aliowakuta humo.

Mwaka 1951, pamoja na Fred Friendly, alianzisha kwenye televisheni kipindi See It Now. Wakati huo seneta Joseph McCarthy alikuwa akiwashutumu watu kuwa wakomunisti bila kutoa ushahidi. Wengi walipoteza kazi, na wanasiasa wengi waliogopa kumjibu.

Tarehe 9 mwezi wa tatu 1954, Murrow aliwaonyesha watazamaji picha na hotuba za McCarthy mwenyewe, kisha akazilinganisha na ukweli. CBS ilikataa kulipia tangazo la kipindi hicho gazetini. Murrow na Friendly walitoa pesa mfukoni mwao. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, baraza la seneti lilimlaani McCarthy kwa kura 67 dhidi ya 22. Hata hivyo si Murrow peke yake aliyemwangusha: magazeti kadhaa, na mvutano wa McCarthy na jeshi, vilichangia pia.

Ujasiri huo ulikuwa na bei yake. Mfadhili mkubwa alijiondoa 1955, na kipindi kikafungwa 1958. Mwaka 1960, Murrow alionyesha maisha magumu ya vibarua wa mashambani katika filamu Harvest of Shame.

Mwaka 1961 rais John Kennedy alimteua kuongoza idara ya serikali iliyokuwa ikitangaza sura ya Marekani ng'ambo. Hapo ndipo alipojaribu kuizuia BBC ya Uingereza isionyeshe filamu hiyo yake mwenyewe. Hakufaulu, na wengi waliomheshimu walishangaa.

Murrow, aliyekuwa mvutaji mkubwa wa sigara, alifariki kwa kansa ya mapafu tarehe 27 mwezi wa nne 1965, siku mbili baada ya kutimiza miaka 57.