John Akii-Bua, Mruka Viunzi

Jioni, kazi za nyumbani zikiisha, watoto wa Kingamyambo hukimbilia uwanjani kucheza mpira. Kila mmoja apenda kufunga goli. Wachache tu wapenda kurudia jambo moja mara mia mpaka walijue. Lakini asiyerudia hawi mchezaji bora. Maisha ya John Akii-Bua wa Uganda yaonyesha hivyo.

John alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake wengi na watoto zaidi ya 40. John alichunga ng'ombe wa baba yake. Baba alipokufa, masomo ya kijana yakakatika. Akatafuta kazi, na mwishowe akaingia polisi mjini Kampala.

Katika polisi alikuwamo Jerom Ochana, mkimbiaji wa mbio za viunzi. Viunzi ni vizuizi vya mbao vinavyowekwa njiani. Mkimbiaji huviruka kimoja baada ya kimoja bila kusimama. Ochana alimwona John, akaanza kumfundisha. Sasa, anayeruka juu mno hupoteza wakati hewani. Kwa hiyo Ochana akaweka mti mwingine juu ya kiunzi, ili mwanafunzi wake apite katikati, kichwa kimeinama. John aliumia kwenye paji la uso, akatoka damu, na kovu likabaki. Hata hivyo hakuacha. Akajifunza kuinama.

Mwanzoni alikimbia mbio za viunzi za mita 110. Kisha mwalimu Mwingereza, Malcolm Arnold, akamwongoza kwenye mita 400, zenye viunzi 10. Mbio hizo zataka wepesi na nguvu, tena zataka hesabu. Hatua kati ya kiunzi na kiunzi lazima ziwe sawasawa. Zikikosewa, mguu hufika pahali pasipofaa. Wakimbiaji wengi hutanguliza mguu ule ule kila mara. Akii-Bua alijizoeza kutanguliza wa kuume au wa kushoto. Hivyo, hata uchovu ulipomfupishia hatua, aliweza kuruka vizuri.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh, Uskoti, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Akawa wa nne. Watatu wa kwanza hupewa nishani, lakini wa nne hurudi mikono mitupu. Angeweza kukata tamaa. Badala yake akazidisha mazoezi. Alipanda vilima mbio. Alivaa koti lenye vipande vya risasi, zito kuliko ndoo ya maji ya lita 10, akaruka nalo viunzi virefu vya sentimeta 106. Viunzi vya mashindano yake vilikuwa vya sentimeta 91 tu. Sababu yake ni wazi. Aliyezoea mzigo mzito, siku ya kuutua huona njia imekuwa nyepesi.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, Ujerumani, katika Michezo ya Olimpiki. David Hemery wa Uingereza alikuwapo, mshindi wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, yenye kona kali kupita zote. Bastola ikalia. Hemery akatangulia, na wengine wakamfuata kwa nguvu. Kwenye kona ya mwisho Akii-Bua akamfikia, akampita, akakata kamba peke yake. Saa ikaonyesha sekunde 47.82. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na mtu aliyekimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Uganda ikapata nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Akii-Bua kwa furaha hakusimama. Aliendelea kukimbia, akiruka viunzi ambavyo havikuwapo.

Siku za taabu nazo zilikuja. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, zilikataa kushiriki Olimpiki ya Montreal, naye hakuweza kuitetea nishani yake. Mwaka 1979, wakati wa vita, alikimbilia Kenya pamoja na jamaa yake, kisha akaishi Ujerumani. Mwaka 1983 alirudi kwao. Akawafundisha wengine yale aliyofundishwa yeye. Alikufa Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47. Mjini Lira, uwanja wa michezo waitwa kwa jina lake.

Watu wa Munich waliona kazi ya sekunde 47 tu. Hawakuviona vilima vya Kampala, wala koti la risasi, wala damu ya siku zile alipokuwa akijifunza kuinama. Wazee walisema kweli: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Maswali

1. Kwa nini Ochana aliweka mti juu ya kiunzi?
2. Akii-Bua alifanya nini baada ya kuwa wa nne?
3. Koti zito lilimsaidia namna gani?
4. Wewe wataka kujua kazi gani vizuri? Utaizoeza namna gani kila siku?