Gandhi: Wakili aliyekwama kortini

Chuo Kikuu cha Nairobi kina sanamu ya Mahatma Gandhi. Ukiitazama, huwezi kudhani kwamba huyu jamaa alipokuwa mwanafunzi, kusimama mbele ya watu kulimtoa jasho.

Alizaliwa India mwaka wa 1869. Mnamo 1888 alienda London kusomea sheria. Huko aliingia kamati ya chama cha wasiokula nyama, lakini mikutanoni alikaa kimya tu. Siku moja aliandika hoja zake kwenye karatasi, akashindwa kuzisoma. Ikabidi mwingine amsomee.

Alihitimu 1891. Katika kesi yake ya kwanza, Bombay, alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, hata swali moja halikutoka. Aliketi, akaiachia kesi wakili mwingine na kukubali kurudisha ada ya rupia 30.

Mwaka wa 1893 alienda Afrika Kusini. Mjini Pretoria aliitisha mkutano wa Wahindi wenzake, akazungumzia mambo waliyoyapitia pamoja. Safari hii maneno yalikuja. Akaendelea hivyo, mkutano baada ya mkutano, ingawa ile haya haikumwisha kabisa.

Siku hizi washauri nasaha hufanya jambo linalokaribiana na hilo. Watakuuliza hofu ilianza lini na inakuzuia kufanya nini, kisha mtaikabili pole pole, mkianza na kikundi kidogo. Gandhi alipambana bila mshauri. Wewe kama unakwepa darasa kwa kuogopa kuongea, usingoje ukwame. Bisha mlango wa mshauri wa chuo.